Mama Alipita, Hakunisalimia

Mimi ni mtani. Nalisema hili mapema, mtu asije akaniuliza baadaye nilipewa ruhusa na nani. Ukoo wangu na ukoo wa Bi. Rehema tumetaniana tangu enzi za mababu, na kwetu huku milimani, juu ya Mkuyuni, mtani ana kazi yake msibani. Wenye msiba wanalia, sisi tunawachekesha. Tunadai kuku, tunaiba unga jikoni mchana kweupe, tunavaa nguo za marehemu na kumwiga mpaka mama yake mzazi anacheka huku kamasi zinamtoka. Hakuna wa kutukasirikia. Ukimkasirikia mtani, aibu ni yako.

Siku nyingine zote mimi ni Saada wa vitumbua. Jiko langu liko kwenye uzio wa chekechea ya Mwalimu Jesca, binti wa Ngerengere aliyekuja huku na sanduku moja na moyo mkubwa kuliko mshahara wake. Chekechea yenyewe ni banda la bati na uwanja wa udongo mwekundu. Midoli hakuna. Kuna vifuu, magunzi, makopo ya maziwa, ndala zilizokatika na dumu moja lililotoboka. Basi dumu ni bodaboda, ndala ni simu, gunzi lililofungwa kitambaa ni mtoto mchanga mwenye homa. Wazazi wengine hulalamika kwamba watoto wao wanacheza tu. Mimi niliyekuwa nawaona kila asubuhi, nasema wazazi hao hawajui wasemalo. Wale watoto walikuwa wanafanya kazi kuliko wenyekiti wengi wa vijiji.

Na bosi wao alikuwa Asia, mjukuu wa Bi. Rehema. Alikuwa hajaanza hata kung'oka meno, lakini akisema jiwe hili ni daktari, jiwe linaanza kutibu. Siku moja aliwapanga wenzake wote chini ya mti wa mpera, akawaambia wako kwenye basi la kwenda mjini, na nakuapia, mtoto mmoja alitapika kweli. Nilicheka mpaka nikamwaga mafuta.

Mama yake, Pili, alikuwa mchuuzi wa ndizi. Masika haya alipanda bodaboda na mikungu yake kwenda mjini, na kona ya kuteremkia Mkuyuni ilikuwa imelowa na kuteleza kama sabuni. Dereva alivunjika mkono. Pili hakufika hospitali akiwa hai.

Kwetu mtoto mdogo haambiwi msiba. Asia alipelekwa kwa jirani, mama yake Janeth, akaambiwa mama bado yuko mjini anauza ndizi. Kila mtu mzima aliyepita akaongeza lake. Huyu akasema mama atarudi na viatu, yule akasema atarudi na biskuti. Mjomba Shabani, ambaye ndiye mwenye kauli juu ya watoto wa dada yake, akasema mama amepata kazi na atakaa huko kidogo. Waongo wakubwa, na wote wanaswali.

Mimi nikafanya kazi yangu. Bi. Rehema mwenyewe ndiye aliyenitolea gauni la Pili, lile la kijani lenye maua ya njano, pamoja na kilemba chake. Nikavaa. Nikatoka uani bega la kushoto likitangulia, kama Pili alivyokuwa anatembea, nikawapigia wafiwa kelele za sokoni kwa sauti yake ileile: "Nunua uondoke, usinitolee macho kama mkweo!" Uwanja mzima ulivunjika mbavu. Bi. Rehema alijishika tumbo, akacheka, akalia, akacheka tena. Kisha nikachota unga wa watu, nikakimbia nao kupitia njia ya nyuma ya choo huku wanawake wakinipigia kelele za mwizi. Gauni likabaki kwangu, kwani ndiyo haki ya mtani. Nilifika nyumbani nimechoka na nimeridhika, maana Pili nilimpenda, na nilikuwa nimemuaga vizuri.

Matanga yakaisha. Asia akarudi chekechea, na watu wakaanza kumsifu. Halii. Ananyang'anywa kifuu, halii. Anajikwaa, damu inatoka, anauma mdomo tu. "Mtoto jasiri huyu," walisema, "kama anajua vile." Na mimi nilisema hivyohivyo, nikampa kitumbua cha bure.

Asubuhi moja alimchagua Hashimu awe mama. Hashimu ni mtoto mnene, mpole, hupewa nafasi ambazo wenzake wamezikataa. Asia alimfunga kichwani kipande cha kitenge, akampa kopo lililojaa mchanga.

"Huo unga," akamwambia. "Pita kule nyuma ya choo. Halafu usinitazame."

"Kwa nini nisikutazame?"

"Mama hatazami."

Hashimu akaanza kwenda. Asia akamsimamisha, akamsukuma bega la kushoto mbele, kisha akamwachia. Alipofika kwenye kona ya choo, Asia akatoka mbio nyuma yake, amebeba kifuu kwa mikono miwili.

"Mama! Silii tena, mama! Ona, silii!"

Hashimu, maskini, akageuka kuona. Asia akamchapa na ndala.

"Nimekwambia usinitazame! Anza tena!"

Wakaanza tena. Na tena. Vitumbua vyangu viliungua vyote, nikawa navitazama tu vinavyofuka moshi. Nilimwita Asia uzioni.

"Mke mwenzangu, huo mchezo umeutoa wapi?"

"Shikamoo, bibi Saada. Siyo mchezo. Mama alipita kweli."

"Alipita wapi?"

"Kwa bibi. Siku ile ya watu wengi. Mimi nilikuwa kwa kina Janeth, nikachungulia kwenye migomba. Mama akachekesha watu, akachukua unga, akaenda zake. Hakunisalimia."

"Labda hakukuona."

"Nilimwita. Akakimbia."

Mkono wangu ulikuwa umeshika mwiko na nikashindwa kuuweka chini. Nikamuuliza kwa nini anadhani mama hakumsalimia. Akanieleza taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Siku ile mama alipoondoka na ndizi, yeye alilia anataka waende wote. Mama akamwambia, ukilia nakuacha. Akalia, akaachwa.

"Sasa nimeacha," akasema. "Lakini yeye hajui kama nimeacha."

Mama gani hapa duniani hajawahi kumwambia mtoto wake ukilia nakuacha? Mimi niliwaambia wanangu wote. Nilimtazama mtoto yule na nikatamani ardhi ya Uluguru ipasuke inimeze. Alikuwa anazuia machozi yake siku nzima, kila siku, kama mtu aliyekalia mlango ili usifunguke, akisubiri mama apite mara ya pili amwonyeshe. Na aliyepita mara ya kwanza nilikuwa mimi.

Watoto walipoondoka nilimwambia Mwalimu Jesca yote. Alikaa chini kwenye benchi la watoto, magoti yakamfika kidevuni. Jioni tulikwenda wote kwa Bi. Rehema. Tulimkuta anamenya mihogo.

"Karibu, mwizi wa unga," akaniambia.

"Nimekuja kuiba na mihogo, kizee wewe."

Mwalimu akamwamkia, akakaa, akasema kwa adabu kwamba Asia anateseka na ingefaa aambiwe ukweli. Bi. Rehema aliendelea kumenya.

"Mjomba wake amekataa," alisema. "Na mimi nimekataa. Mtoto akiambiwa kifo, kifo kinamzoea. Akikua atajua mwenyewe, kama tulivyojua sisi."

"Anamsubiri, bibi. Anadhani mama yake amemkasirikia."

"Kusubiri hakuui."

Hapo mimi nikaingilia. Nikamwambia kwamba siku ya msiba mtoto alinichungulia, akaniona nikiwa nimevaa gauni, akadhani ni mama yake. Bi. Rehema alinitazama kisha akaanza kucheka, kicheko cha utani.

"Basi uliiga vizuri, Saada."

Akacheka peke yake. Halafu kicheko kikamfia mdomoni, na kisu akakiweka chini juu ya maganda.

"Nyinyi mnataka mimi nifungue mdomo huu niseme Pili amekufa," alisema. "Sijawahi kulisema. Sala nimesikiliza, mkono wa pole nimepokea, lakini neno lenyewe sijalitamka. Nikimwambia mtoto, nitakuwa nimekubali na mimi. Niacheni."

Nani angembishia? Tuliaga, tukarudi. Ule wimbo wa penye wazee haliharibiki neno niliuimba tangu utoto, na siku ile niliuona unavyoharibika mbele yangu.

Mambo yakazidi. Asia alianza kutoka uwanjani kuwafuata wanawake waliovaa kijani. Mwanzo alifika mpaka kwenye mpera, kisha mpaka kisimani. Halafu siku ya soko Mwalimu aligeuka kugawa uji, na Asia hayupo. Tulimkuta kwenye kona ileile ya kuteremkia Mkuyuni, katikati ya barabara, anamfuata mchuuzi aliyejitwisha mkungu wa ndizi. Fuso la mbao lilikuwa linashuka, linapiga honi, na yeye hageuki, anasema, "Mama, silii, mama, silii." Mwalimu Jesca alimvuta kwa gauni. Fuso lilipita na upepo wake ukatupiga sote usoni.

Kusubiri hakuui, eti.

Pale barabarani niliamua. Bibi yake asingeweza kumwambia, jirani asingeweza, mwalimu angefukuzwa kijijini kwa kuingilia mambo ya ukoo. Lakini mtani husema lisilosemeka. Mtani humwambia mfalme kwamba ananuka, na mfalme hucheka. Kama kuna mtu mmoja hapa mlimani aliyekuwa na haki ya kumwambia Asia, ni mimi, na gauni lilikuwa kwangu. Nilimweleza Mwalimu nitakavyofanya. Nitavaa mbele ya watoto, nitakuwa Pili, kisha nitavua, nitakuwa Saada. Mtoto ataona kwa macho yake kwamba hakuna mama aliyemkimbia. Mwalimu alifikiri, akakubali. Watoto huelewa wanachokiona, alisema, na wote wawili tuliona ni njia nzuri kabisa.

Kesho yake, baada ya uji, watoto walikaa kwenye mkeka. Nikasimama mbele yao na khanga zangu za kila siku.

"Mimi nani?"

"Bi Saadaaa!"

Nikatoa gauni kwenye mfuko, nikalivaa juu ya nguo zangu. Nikafunga kilemba. Nikatanguliza bega.

"Nunua uondoke, usinitolee macho kama mkweo! Haya, sasa mimi nani?"

Watoto walicheka wakagaragara. Hashimu aliruka, akapiga kelele, "Mama Asia! Mama Asia!" Hata Mwalimu Jesca alijiziba mdomo. Na Asia alisimama. Nimewachekesha watu wengi maishani, nimewaona watu wakifurahi harusini na siku ya kufunguliwa jela, lakini uso kama ule sijauona. Ulifunguka wote. Alikuja mbele mikono ikiwa imenyooka, na nikajua kwamba nikimwacha anifikie sitaweza tena. Nikavua kilemba haraka. Nikavua gauni, likaanguka miguuni.

"Na sasa mimi nani?"

"Bi Saadaaa!"

Asia alisimama palepale. Kisha akachuchumaa, akaliinua gauni, akachungulia ndani ya mkono mmoja, akachungulia ndani ya mkono wa pili.

"Siku ile ulikuwa wewe?"

"Nilikuwa mimi."

"Ulisikia nilivyokuita?"

"Sikusikia, mke mwenzangu. Watu walikuwa wanapiga kelele."

"Sasa mama alikuwa wapi?"

Nikapiga magoti. Nikamwambia mama yake amekufa. Nikamwambia pikipiki ilianguka, akaumia sana, akafa, wakamzika kule juu kwenye makaburi ya ukoo wao. Nikamwambia hakumkasirikia hata kidogo, hakumkimbia, hakupita pale. Hilo la mwisho nililisema kwa sauti ya juu kidogo, maana hilo ndilo nililokuwa nimemletea. Niliona ni zawadi.

Alifikiri.

"Kwa hiyo hakuja."

"Hakuja."

"Hata siku ile."

"Hata siku ile, mama."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu mzima aliyepewa bei asiyoiweza. Na hapo, nikiwa nimepiga magoti kwenye udongo, nilielewa nilichofanya. Mama aliyekasirika ni mama. Mama anayepita bila kukusalimia yupo mahali, anatembea, ana unga mkononi, na siku moja atageuka. Mtoto huyu alikuwa na kitu hicho kimoja tu, nami nilikuwa nimeamka asubuhi, nimeoga, nimekuja kumpokonya.

"Basi naweza kulia?" akaniuliza.

"Lia, mwanangu. Lia."

Alikaza macho. Akakunja uso, akafungua mdomo, akavuta pumzi. Wenzake walimtazama kwa heshima. Hakuna kilichotoka. Alijaribu tena mpaka shingo ikamsimama mishipa, kisha akaacha.

"Haliji," alisema, akanikabidhi gauni.

Jioni Bi. Rehema alinijia nyumbani. Nilijiandaa kwa matusi, na nilikuwa na yangu ya kumrudishia, maana ndivyo tunavyopona sisi. Hakunitukana. Alisimama mlangoni, akaniita "Bi. Saada," akanisalimia vizuri, akauliza hali yangu na ya watoto, akasema ameambiwa, akaniaga. Tangu siku hiyo tukikutana njiani ananisalimia kwa adabu hivyohivyo, na mimi namjibu kwa adabu. Hakuna mtu huku mlimani asiyejua maana yake. Nikifa, ukoo wake hautatuma mtu wa kuniiga.

Asia hatoki tena uwanjani. Hawafuati wanawake wa kijani. Ukitaka kusema tumefaulu, sema. Anakuja asubuhi, anakaa kwenye benchi, mikono juu ya mapaja, mpaka wakati wa kurudi nyumbani. Mwalimu Jesca alimpa gunzi lililovalishwa kitambaa, akamwambia mtoto huyu ana homa, tumfanyeje? Asia akalishika, akaligeuza, akasema, "Hili gunzi." Mwalimu akampa kopo, akamuuliza leo tunapika nini. "Hili kopo." Kila kitu alichopewa alikitaja jina lake la kweli na kukirudisha. Mwalimu alisema ni huzuni, itapita, watoto husahau. Alilisema mara nyingi mno kwa mtu anayeamini.

Hashimu alijaribu siku nyingi. Alijifunga kitenge mwenyewe, akajaza kopo mwenyewe, akapita mbele ya benchi bega likitangulia, bila kutazama, kama alivyofundishwa. Alipita na kurudi. Mwishowe akasimama.

"Asia, mimi mama, napita."

"Wewe Hashimu," Asia akamwambia, bila hasira.

Hashimu akafungua kitenge akaenda kuendesha dumu na wenzake. Sasa wanacheza bodaboda tu, na hakuna anayewaambia bodaboda inakwenda wapi.

Juzi niliwahi kumaliza vitumbua. Uwanja ulikuwa kimya, mvua ilikuwa imeachia, na mlima ulikuwa umejifunika ukungu mpaka kiunoni. Niliingia nikakaa chini karibu na benchi la Asia, mtu mzima na miguu yangu mibovu. Nikachukua kifuu. Nikachota mchanga, nikakoroga kwa kijiti, nikapulizia kama mtu anayepoza.

"Karibuni ubwabwa wa nazi," nilisema. "Nimetia na iliki. Mke mwenzangu, usipokuja namaliza."

Alinitazama. Nikapeleka kifuu mdomoni, nikafumba macho, nikajifanya natafuna. "Mmh, tamu!" Chembe mbili tatu zilinigusa mdomo kweli. Nikasikia benchi linagonga, na miguu midogo inakuja mbio. Moyo wangu ulipaa. Nilisema Alhamdulillahi kimoyomoyo kabla sijafumbua macho.

Alikuwa amenishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Usile, bibi Saada! Huo mchanga. Utakufa."

Akaninyang'anya kifuu, akaumwaga mchanga mbali na mimi. Akashika ncha ya gauni lake, akanifuta midomo, akanifuta tena, akachungulia kama kuna uliobaki ndani.

"Tema," akaniambia.

Nikatema. Akaangalia chini, akaridhika, akarudi kukaa kwenye benchi.